Taa ya Mia Nne na Kumi na Saba

Shihkeng, 30 Agosti 2006

Mwanangu Min-hui,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Hsinchu, umekula na umelala. Sisi huku hatujambo, ukitoa masikio yangu ambayo sasa yamestaafu kabisa. Juzi baba yako alinipigia simu, nikasikia upepo mtupu, nikamjibu kwamba machipukizi ya mianzi yamekwisha, kumbe alikuwa ananiuliza habari za goti. Kwa hiyo usihangaike na simu, andika. Baba yako amerudia sigara. Anavutia nyuma ya banda la chai, anadhani pua yangu nayo imestaafu.

Mwaka huu kalenda yetu ya mwandamo imeurudia mwezi wa saba, mwezi wa wafu, kama ujuavyo. Mlango wa kuzimu uliofunguliwa mwezi uliopita haujafungwa, na wafu wenyewe wanaranda kwetu kwa mwezi wa pili sasa. Tumeshawaandalia chakula mara moja, na itatubidi tuwaandalie tena. Hakuna harusi, hakuna anayehama nyumba, na mke wa Peng haachi hata soksi nje jua likishazama.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kompyuta ya hekalu inaumwa. Ni ileile aliyoiunganisha kaka yako Wen-kai kwa mikono yake, na programu ya taa aliiandika yeye, hapa mezani kwangu, akila karanga na kuniachia maganda. Humo ndani mna majina mia sita na kumi na moja ya watu waliowashiwa taa mbele ya mungu wetu wa kijiji, Babu wa Ardhi. Tangu tufani ya Julai, umeme ulipokatika, nikiiambia ichape orodha inakwenda vizuri, halafu inafika mahali inakwama. Skrini inaganda na diski inagonga, kok, kok, kok. Mimi sisikii, lakini nikiweka kiganja juu yake nahisi.

La pili ndilo linalowatisha watu. Inajiwasha yenyewe. Mara tatu nimefika asubuhi nikaikuta imewaka na mlango nilikuwa nimeufunga mimi. Mzee Peng, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati, ameshasema ifutwe yote, waanze upya kabla ya msimu wa taa. Anasema mashine hiyo ina mtu. Nimewaambia asiiguse mtu mpaka nimwandikie Min-hui.

Ni miaka mitano tangu mlima uporomoke umchukue mtoto wangu wa pekee, Wen-kai. Vitu vyake vingine vimekaa tu, nguo, viatu, vitabu. Hiki ndicho pekee kinachofanya kazi bado kama alivyokifundisha. Nataka itengenezwe. Nisaidie isifutwe.

Shangazi yako,
Lien-chu


Hsinchu, 9 Septemba 2006

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya sigara za baba. Mwambie nimejua, umwone atakavyokana. Mimi sijambo. Karakana ina kazi nyingi, wanafunzi wamefungua vyuo na kila mmoja ameleta kompyuta iliyoliwa na virusi. Nilitaka kuja kwa ajili ya chakula cha wafu lakini zamu zilinibana. Nisamehe tena.

Kwanza nikutoe hofu. Haijiwashi kwa mizimu. Umeme wa huko hukatika alfajiri, ukirudi mashine inawaka yenyewe. Ni mpangilio aliouweka Kaka Wen-kai makusudi, kwa sababu ulikuwa ukimlalamikia kwamba swichi iko nyuma na mgongo wako haukunjiki. Mwambie Mzee Peng kwamba aliyemo humo ndani ni mgongo wako.

Kukwama ni jambo jingine, na hilo naomba unisaidie kulipima, kwa sababu mimi siko hapo. Ikikwama, tazama chini ya skrini kushoto, kuna namba ya jina ililofikia. Iandike. Kisha nitumie karatasi ya mwisho iliyotoka kwenye printa. Tena weka kiganja chako kama ulivyosema, uniambie kama inagonga muda wote au pale inapokwama tu. Usiizime kwa kuchomoa waya, hata Peng akisimama nyuma yako.

Na jingine, usicheke. Tazama ile pakiti ya vitafunio vya mahindi iliyo juu ya mashine, ile hirizi yetu mafundi. Iwe ya kijani, isiwe imefunguliwa, na tarehe yake isiwe imepita. Hapa karakanani tuna wahandisi wenye shahada mbili na hakuna anayethubutu kuiacha ipitwe na tarehe. Mashine inataka kubembelezwa kama mtoto.

Wasalimie wote.
Min-hui


Shihkeng, 27 Septemba 2006

Mwanangu,

Nimefurahi kupata barua yako, ingawa ilifika imelowa. Mlango wa kuzimu umefungwa hatimaye, siku tano zilizopita. Tulichinja nguruwe wawili. Mke wa Peng alianika shuka zake zote siku moja, uwanja mzima ukawa mweupe. Baba yako anakana, kama ulivyosema, tena anakana huku anakohoa.

Nimefanya ulivyoniagiza. Inagonga pale inapokwama tu, mahali palepale kila mara. Namba sikuiona vizuri, miwani niliiacha jikoni. Karatasi ya mwisho nimekuwekea humu ndani. Kipande cha chini kililowa chai, nikakikata.

Kuhusu pakiti, umeniponza. Niliitazama mbele ya kamati nzima. Ni ya kijani, haijafunguliwa, ila tarehe yake iliisha Machi 2002. Peng alivua kofia, akanitazama kama mtu aliyekutwa na nyama kwenye sufuria ya mtawa asiyekula nyama. Akapaza sauti sikioni mwangu, "Mama Tseng, miaka minne na nusu unaomba ulinzi kwa chakula kilichooza, halafu unashangaa mashine inagoma?" Wote wakacheka. Amenunua mpya, ameiweka yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Ile ya zamani nimeichukua nyumbani. Aliyeiweka pale alikuwa Wen-kai na sikuwa na sababu ya kuibadilisha.

Mashine bado inakwama. Nakungoja uniambie itatengenezwaje.

Shangazi Lien-chu


Hsinchu, 20 Oktoba 2006

Shangazi,

Shikamoo, na natumaini goti limepoa kwa kuwa mvua zimepungua. Nimechelewa kujibu. Barua yako ilikaa juu ya meza yangu wiki mbili na kila nikipita naiona.

Shangazi, chai haikati kwa mkasi. Karatasi yako imenyooka chini kama kitambaa cha fundi cherehani. Programu ya Kaka Wen-kai inapanga majina kwa ukoo, kuanzia ule ambao jina lake huandikwa kwa mistari michache ya kalamu kwenda ule wenye mingi. Nimezifuata namba zake. Karatasi inapita kwa akina Peng wote, inafika kwa Tseng, na jina la mwisho kabla ya mkasi wako ni lako wewe, la mia nne na kumi na sita. Akina Tseng hapo kijijini ni nyumba moja. Mumeo alifariki kabla hata kompyuta haijafika. Kwa hiyo la mia nne na kumi na saba najua ni la nani.

Sikuulizi kwa ubaya. Lakini taa zile ni za walio hai, ili Babu wa Ardhi awaangazie mwaka mzima. Aliyekufa anawekewa kibao chenye jina lake kwenye madhabahu ya ukoo wake na kuchomewa uvumba. Wewe ndiye mtunza taa kwa miaka ishirini, huwezi kuwa umesahau.

Kuna jambo lingine. Ukurasa wa jina moja hauharibiki hivi peke yake. Unaharibika umeme ukikatika wakati ukurasa huo umefunguliwa. Taa huandikishwa mwezi wa kwanza. Ulikuwa unautazama kwa ajili ya nini mwezi wa saba?

Sasa nikuambie ukweli wa kifundi. Diski ina kidonda kidogo, pale kwenye jina la Kaka Wen-kai. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza: fundi aje akae nayo siku mbili au tatu, anyofoe majina moja moja, na hilo la 417 ajaribu kulibembeleza. Linaweza kupona, linaweza lisipone. Hiyo haiwezekani kwa barua, wala huwezi kuniletea mashine kwa basi, maana barabara ile yenye mashimo itakipanua kidonda. Njia ya pili ni kufuta kila kitu na kupiga windo upya, yaani kuweka tena programu kuu ya kompyuta. Mashine itakiruka kidonda, itakuwa nzima kabisa, na wewe utaandika majina tena kutoka kwenye daftari. Kwa njia hiyo naweza kukutumia vyote kwa posta, na programu mpya nitaiandika mimi.

Mimi nakushauri ya pili. Ndiyo ya hakika.

Min-hui


Shihkeng, 12 Novemba 2006

Min-hui,

Baba yako mzima. Chai ya baridi imechumwa, si mbaya. Salamu zimeisha.

Umeniandikia kwamba kutengeneza kunataka fundi aje. Mimi fundi ninayemjua ni mmoja, na barua yake nimeigeuza mbele na nyuma sikuona mahali aliposema atakuja. Binti wa Huang anatoka Amerika kila mwaka mpya na mtoto mgongoni. Wewe uko Hsinchu, saa nne za basi, na miaka mitano kizingiti changu hujakivuka. Usinishauri ya hakika. Unanishauri iliyo rahisi kwako.

Umeniuliza, nami nakujibu. Kila mwaka mpya programu yake humwongezea kila mtu mwaka mmoja, kama tunavyohesabu sisi. Wen-kai alikuwa na miaka ishirini na minne alipopanda mlima. Mwaka mpya ulipofika nikafungua ukurasa wake ili niufute, kwa sababu najua sheria za taa kuliko wewe. Nikakuta ishirini na mitano. Nilikaa pale, kisha nikafunga bila kugusa kitu. Mwaka uliofuata nikakuta ishirini na sita. Mwaka huu ni ishirini na tisa, na mwaka wenye tisa unajua ulivyo na mikosi, nikamchomea uvumba zaidi. Mwaka mpya ukifika Februari atatimiza thelathini. Nina mtoto wa miaka thelathini na hakuna mtu mwingine duniani anayejua hilo ila mimi na mashine.

Mwezi wa saba huwa naufungua ukurasa kila siku. Wengine wanarudi mwezi huo kutafuta chakula. Mimi natazama kama yeye bado yuko upande huu wa orodha. Nilipokuwa natazama, umeme ukakatika. Mimi ndiye niliyeivunja, kama hilo ndilo ulilotaka kusikia.

Mwili hakuuona mtu. Waliona pikipiki, waliona kofia. Siku ile alikuwa amenikaidi. Tufani ilikuwa imetangazwa redioni tangu asubuhi, nikamwambia asiende, akaenda, na hakutaka hata kusema anakwenda kufanya nini. Kuna neno jingine la siku ile, lakini hilo silisemi.

Kamati itaifuta mwezi wa kumi na mbili wa kwetu, ukianza tu. Peng amenipa mpaka wakati huo kwa heshima ya umri wangu. Ukitaka ifutwe, njoo uifute mwenyewe mbele ya macho yangu.

Lien-chu


Hsinchu, 28 Desemba 2006

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne na mara tatu nimeichana, kwa hiyo kama mwandiko ni mbaya nisamehe, sitaki kuichana tena. Mimi ni mzima. Baba nimemtumia sweta, mwambie asiichome kwa sigara.

Umeandika kwamba Kaka Wen-kai alikukaidi. Nimelisoma hilo neno na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ile kazi ya kule juu haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa na duka la kompyuta la mjini, na mimi ndiye niliyepangiwa kwenda kufunga mashine sita kwenye shule ya msingi ya mlimani kabla muhula haujaanza. Ilikuwa lazima ziwe tayari Jumatatu. Kulikuwa na kijana mmoja, jina lake halina maana tena, aliyekuwa amenialika pwani Jumamosi ile. Nikampigia Kaka Wen-kai. Nikamwambia naumwa kichwa. Akacheka, akasema kichwa changu kinaumwa kila kukiwa na jua, kisha akasema sawa, ataniendea. Nikamwambia, "Kaka, usimwambie Shangazi. Akijua, baba atajua, na baba ataniua." Akasema hatasema.

Tufani nilijua. Nilisikia redioni asubuhi nikiwa kwenye treni. Nilifikiri itageukia baharini, zile zilizotangulia zilikuwa zimegeuka.

Siku waliyoikuta pikipiki nilisimama nyuma ya watu barabarani, na wewe ukanishika mkono ukaniuliza kama najua alikuwa anakwenda wapi. Nikakwambia sijui. Ndiyo sababu siji. Si zamu, si basi. Nikifika kwenye ile kona ambapo mlima umekatika sitaweza kupita, na nikipita sitaweza kukutazama.

Hakukukaidi, Shangazi. Alikuwa ameniahidi.

Nimekuwekea diski za kufutia, zile tatu nyeusi, na sidii ya windo, na programu mpya, na maelezo ya kila hatua kwa herufi kubwa. Vitumie au vitupe. Ukiniambia nije kutengeneza, nitakuja. Ukiniambia nisikanyage tena, nitaelewa pia.

Min-hui


Shihkeng, 29 Januari 2007

Min-hui,

Mzigo wako ulifika mwezi huu mwanzoni. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na baada ya hapo nilikuwa na kazi.

Hasira zilikuwa za siku tatu. Siku ya kwanza nilikuapiza kwa sauti, jikoni, mpaka baba yako akatoka kwenye banda lake na sigara mdomoni akidhani nimevamiwa. Halafu nikakumbuka ninayoyajua kuhusu mdomo wangu, nikavaa viatu nikakimbilia hekaluni kumwomba Babu wa Ardhi asinisikilize. Nilipiga magoti, lile bovu na lile zima. Sasa lazima nikueleze kwa nini nilikimbia.

Neno nililokataa kukuandikia ni hili. Wen-kai alikuwa mlangoni anafunga koti la mvua. Nilikuwa nimemkataza mara tatu. Nikamwambia, "Nenda. Na ukienda usirudi." Akatabasamu, akasema jioni atataka wali wa nyama, akaondoka. Miaka mitano na nusu nimeamini kwamba ulimi wangu ndio uliomfukia. Mama hasemi vile siku ya tufani. Kumwandika kwa wafu ilikuwa ni kutia sahihi chini ya neno langu, kwa hiyo nikamwacha kwa walio hai, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka nikimwambia ukurasani, haya basi, rudi, nimelifuta.

Kilichoniuma zaidi si kufa kwake. Ni kwamba alikufa amenikasirisha na mimi nimemkasirikia, na sikujua ananikaidi kwa ajili ya nini. Sasa unaniambia alikuwa amefunga mdomo kwa ahadi ya mdogo wake mwenye kichwa kinachoumwa na jua. Hilo ndilo lenyewe. Huyo ndiye mtoto niliyemlea. Miaka yote hii nimekuwa nikigombana na mtu ambaye hakugombana nami.

Sijakusamehe. Nakwambia wazi usije ukadhani. Huenda nikakusamehe ukiwa mbele yangu, kwenye karatasi siwezi. Wewe uliniona natafuta mtu wa kunijibu, ukaniambia hujui.

Kompyuta nimeifuta.

Niliifuta mimi, tarehe tisa, mchana, Peng na wenzake walipokwenda kula. Niliweka diski yako ya kwanza, nikafuata herufi kubwa. Ikafika mahali inauliza kama nina hakika, kwamba vyote vitapotea. Nilikaa mbele ya swali lile mpaka walipomaliza kula wakarudi. Peng alisimama nyuma yangu akasoma. Nilidhani atatania. Akavuta kiti akakaa, akasema kitu nisichokisikia, nikamwuliza alichosema, akaniandikia kwa kidole kwenye vumbi la meza: hakuna haraka. Nikabonyeza. Ilianza kuhesabu kutoka sifuri hadi mia na tulikaa wote wawili tukiitazama, mpaka ikaisha.

Kisha nikaandika majina upya kutoka kwenye daftari, kwa vidole viwili, siku kumi na moja. Programu yako ni nzuri ila ina rangi nyingi kama duka la peremende. Nilipofika kwa Tseng nikaandika langu, halafu nikaenda moja kwa moja kwa ukoo unaofuata. Orodha sasa ni ya majina mia sita na kumi. Imechapwa yote bila kukwama.

Nikamwita kuhani. Anasema kwa kuwa mwili haukuonekana, kibao hakiwezi kuandikwa kabla roho haijaitwa kutoka mahali ilipouacha mwili, la sivyo kitakuwa ubao mtupu. Itabidi twende kwenye ile kona na ufito wa mwanzi wa kutundikia shati lake, aitwe kwa jina, aambiwe njia ya nyumbani. Na mimi siruhusiwi kumwita. Mwenye mvi hamlilii wala hamwiti mwenye nywele nyeusi, unajua ilivyo. Anatakiwa mtu wa damu aliye mdogo kwake. Hakuoa, hakuzaa, hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Nimehesabu ukoo wote na nimebaki na jina moja tu.

Kuhani amechagua tarehe kumi Februari, asubuhi, mwaka usije ukageuka yeye akiwa bado huko nje. Mimi nitasimama na mwavuli wa kuikinga roho yake na jua. Utapita ile kona, maana ndiko tunakokwenda.

Shangazi yako,
Lien-chu


Hsinchu, 3 Februari 2007

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa na nimepewa. Nitaondoka Ijumaa tarehe tisa kwa basi la asubuhi. Baba anasema atanipokea kituoni, ila nimemwomba aniache nipande kwa miguu kutoka pale chini.

Rangi nitapunguza.

Nilitaka kujua kama sauti yangu ipo, kwa hiyo jana nilipanda juu ya paa la nyumba tunayopanga nikajaribu. Ilitoka ndogo. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa anaanika shuka, akaniuliza kama nimepoteza paka. Nikamwambia hapana, namwita kaka yangu, na nikamweleza yuko wapi. Aliziacha shuka kwenye ndoo. Akaniambia mdogo wake naye aliitwa hivyo, na kwamba mtu anayeitwa lazima aambiwe kwa nini alikuwa pale, maana wengine wanangoja kumaliza kazi iliyowapeleka, na kuitwa jina tu hakuwatoshi. Kisha akasimama kando yangu mpaka sauti ikatoka.

Kwa hiyo najua nitakachosema, na nakuandikia mapema kwa sababu pale kwenye kona hutakisikia. Nitasema: Kaka Wen-kai, ni Min-hui. Ile kazi ilikuwa yangu. Nimefika, nimeipokea. Mama hakukufukuza. Shuka sasa, twende nyumbani.

Min-hui